Orodha Isiyo na Majina

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimeanza daftari hili kwa Kiswahili. Kiingereza ni ya kazi. Kikuyu ni ya nyumbani kwetu, na hapa mimi si wa nyumbani. Kikamba najua ile ya sokoni tu — salamu, bei, maji. Basi Kiswahili. Hakuna mtu atasoma.

Wiki ya kwanza hospitalini imeisha. Hospitali ya misheni, saa moja kwa gari ukitoka soko la Zombe, huku Kitui. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya magodoro, bado inanuka pamba. Kompyuta moja, printa moja, jenereta inawashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa saba mchana. Ikizimwa, mimi na kompyuta tunatazamana tu.

Kazi yenyewe: programu ya kliniki ya kifua. Mgonjwa wa TB anameza dawa miezi minane bila kuruka. Kila wiki mbili anakuja kuchukua nyingine. Asipokuja, programu iandike jina lake kwenye orodha, na Mzee Kisilu, mfuatiliaji wa wagonjwa, apande baiskeli amfuate mpaka nyumbani. Ni hivyo tu. Zamani Sister Nzilani, muuguzi wa kliniki, alikuwa akipekua kadi za karatasi siku nzima kutafuta nani amekosa. Sasa kadi ziko kwenye katoni.

Nimepewa miezi sita. Nyumba ni chumba cha nyuma kwa Mama Kilonzo. Ananisemesha polepole na kwa sauti kubwa, kama vile masikio yangu ni mabovu.

Jumanne, 5 Machi 1996

Siku ya kliniki. Watu mia moja na zaidi! Benchi zilijaa, wengine wakakaa chini kwenye simiti. Nilisimama kando na karatasi yangu nikihesabu dakika. Kila mtu ananitazama, hakuna anayesema nami.

Halafu mzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu ingawa jua ni kali, akaniita. "Wi mwega, mwari?"

Kikuyu! U mzima, binti? Nilikaribia kulia, mtu mzima mimi.

Anaitwa Ndululu. Fundi wa cherehani pale Zombe. Alikaa Thika miaka kumi na moja akishona sare za shule. Anasema Kikuyu chake kimeshika kutu na mimi ndiye mafuta. Tuliongea mpaka akaitwa ndani. Maneno kumi, ishirini. Nimeyabeba mpaka nyumbani.

Ijumaa, 15 Machi 1996

Nimempa Sister kipande cha kwanza. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa na msemo: usijifungie miezi sita utoke na jumba. Jenga chumba kimoja, mtu alale ndani, akuambie panavuja wapi. Ndivyo nafanya. Kila Ijumaa ya pili napeleka kipande, Sister anatumia, analalamika, narekebisha.

Tena alitufundisha hivi: masharti, yaani yale programu inatakiwa kutimiza, ni ya aina mbili. Kuna programu ifanye nini. Na kuna ifanye vizuri namna gani — haraka kiasi gani, sahihi kiasi gani, siri kiasi gani. Ya kwanza hutulia. Hayo mengine ya ubora huhama kama mbuzi wa mtu mvivu. Leo yako hapa, kesho shambani kwa jirani. Na likihama moja, linakanyaga lingine.

Kwa hiyo nimepiga mistari kwenye daftari lingine, la kazi. Namba ya sharti. Nani ameomba. Nini kimebadilika. Na safu ya mwisho nimeiita Mguso — badiliko hili linagusa nini kingine. Tayari niko namba sita.

Sister amesema herufi za kwenye kioo cha kompyuta ni ndogo, anatoka machozi. Namba saba.

Jumanne, 26 Machi 1996

Siku mbaya.

Nilitengeneza programu ikatae kuendelea kama kuna kitu hakijajazwa. Jina, jina la baba, kijiji, jirani wa karibu. Usahihi! Nilijivunia. Lakini huku mtu anakuambia kijiji, halafu anakumbuka amehama, halafu kijiji kina majina mawili. Dakika nne kwa kila mtu. Saa saba jenereta ikazimwa na watu arobaini bado wako kwenye benchi. Kuna mama alitembea kutoka ng'ambo ya Mutitu, alianza safari kabla jua halijatoka. Sister alimpa dawa bila kumwandika popote.

Daktari Musembi alisimama mlangoni kwangu. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema programu nzuri inayoacha watu kwenye benchi si nzuri. Anataka dakika moja kwa mtu mmoja. Nikamwambia usahihi utapungua. Akaniuliza usahihi wa mtu ambaye hakuandikwa ni upi.

Nikafungua daftari la kazi.

Ijumaa, 29 Machi 1996

Sharti namba 9. Aliyeomba: Daktari. Kijiji na jirani vinaweza kuachwa tupu asubuhi, vijazwe baadaye. Sister amesema, "Nitajaza mchana, Madam, watu wakishatoka."

Mguso nimeandika hivi: Orodha ya Mzee Kisilu inatumia kijiji. Pakiwa tupu atategemea jina peke yake.

Nilienda kumuuliza mwenyewe. Alikuwa anaziba pancha chini ya ukuta wa jikoni. Akacheka. "Mwiitu wakwa, binti yangu, nipe jina tu. Watu wa huku mimi najua mpaka nyanya zao."

Basi. Hatari ndogo. Jina lipo.

Jumapili, 7 Aprili 1996

Pasaka. Kanisani masaa manne mazima, nyimbo ni za Kikamba, mahubiri ni ya Kikamba, mimi nasimama wakisimama. Kwaya ni nzuri lakini. Kuna mama mmoja anaitwa Nthenya, mgonjwa wetu wa kliniki, sauti yake ikipanda hata watoto wananyamaza.

Mama Kilonzo alipika isyo. Ni githeri ya kwetu kabisa, mahindi na maharagwe. Nikamwambia. Akasema hapana, githeri ni githeri na isyo ni isyo. Tukala. Watoto wake wote wamekuja kutoka Nairobi, nyumba imejaa. Nilirudi chumbani mapema ili wawe na nafasi.

Hakuna aliyeniambia nitoke. Hakuna aliyeniambia nikae.

Jumanne, 9 Aprili 1996

Kliniki imekwisha saa sita na nusu! Dakika moja na nusu kwa mtu. Daktari amepita akaniinulia kidole gumba. Ndululu amenong'ona kwamba mashine yangu sasa inashona mbio. Anakohoa kidogo sana siku hizi, amenona mashavu. Anasema anajisikia mzima kabisa, dawa ni za nini tena. Nikamwambia, Baba, ni za kumaliza. Akasema ehe, ehe.

Alhamisi, 25 Aprili 1996

Leo nimeona kitu sitasahau.

Wiki iliyopita Mzee Kisilu aliingia duka moja kutafuta mpira wa vali ya baiskeli. Akaweka orodha kwenye kaunta ili apekue mfuko. Mwenye duka akaisoma. Jina la Nthenya lilikuwa juu kabisa — alikosa siku moja tu, kwa sababu ya mazishi! Kufika Jumapili, kijiji kizima kilikuwa kinasema ana ugonjwa ule. Si TB. Ule. Kwenye kwaya wamemwachia nafasi pande zote mbili za benchi. Mama mkwe amemtengea kikombe chake na sahani yake, na watoto wake wamehamishiwa nyumba kubwa.

Alikuja kwa Daktari na kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Hakulia. Mlango ulikuwa wazi nikasikia. Alisema: Mlisema mtaniponya. Hamkusema mtanitangaza.

Mzee Kisilu alikaa kwenye ngazi, kofia mkononi, mpaka adhuhuri.

Baadaye Daktari akatuita. Kuanzia kesho hakuna jina la mtu litakalotoka hapa kwenye karatasi. Namba na kijiji, basi. Mzee Kisilu ataenda kijijini, anajua nani na nani wanameza dawa huko, ataangalia namba kwenye kadi wanazokaa nazo nyumbani. Tumekubali wote. Nani angekataa?

Ijumaa, 26 Aprili 1996

Sharti namba 14. Siri. Kuondoa safu ya jina kwenye orodha inayochapishwa. Ni rahisi mno, nusu saa. Printa imetoa karatasi safi, namba na kijiji. Sister ameipenda.

Gicheru, mchumba wangu, ameandika! Anakuja kesho kutoka Nairobi, amepata lifti mpaka Kitui. Miezi minne sijamwona. Mguso: hakuna. Nimefunga ofisi saa saba kamili, naenda kuosha nywele. Mama Kilonzo ameniazima taulo nzuri na hata ametabasamu.

Jumamosi, 27 Aprili 1996

Hakuja.

Jumapili, 28 Aprili 1996

Wala leo. Mama Kilonzo hakuuliza. Alichukua taulo lake kwenye kamba, akaniwekea mayai mawili mlangoni.

Jumanne, 14 Mei 1996

Kila kitu kinaenda vizuri na mimi sina wa kumwambia.

Dakika moja na sekunde kumi kwa mtu. Daktari anasema wageni watakuja kutoka makao makuu ya misheni kuona kazi yetu. Nthenya amekuja kuchukua dawa, akakaa mbele kabisa, wima. Watoto wamerudishwa kwake. Kwenye kwaya bado hajarudi.

Mzee Kisilu naye safari zake zimekuwa chache, anarudi mapema siku hizi. Sister anasema watu wameanza kuelewa, hawakosi ovyo.

Ndululu sikumwona. Wala wiki zilizopita. Labda kliniki ilienda mbio nikampita. Nilitaka kumwangalia kwenye kompyuta — jenereta ikazimwa. Kesho.

Jumatano, 12 Juni 1996

Barua ya Gicheru. Ukurasa mmoja. Anasema mambo yamekuwa mengi. Anasema mimi ni mtu mzuri. Anasema niliichagua kazi ya mbali mwenyewe.

Nimeisoma kwenye stoo yangu ya magodoro. Kisha nimeandika sharti namba 19, tarehe zioneshwe kwa namna ya Uingereza si ya Amerika. Mguso: ripoti zote tatu. Nimeandika vizuri sana, kwa rula.

Jumapili, 23 Juni 1996

Baridi ya asubuhi imeanza, mawingu mpaka saa tano. Kwa Mama Kilonzo wanavuna mbaazi. Nilijipeleka mwenyewe shambani bila kuitwa. Tumechuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema alifariki mwaka wa tisini. Akasema "Aa," akachuma mti mzima, kisha akasema, "Basi wewe ndio maana unatembea hivyo."

Sikuuliza hivyo ni vipi.

Jumanne, 2 Julai 1996

Niandike polepole.

Leo kliniki ilipoisha, Mzee Kisilu aligonga mlango wangu. Hajawahi kugonga. Alikuwa na bahasha ya kaki imejaa karatasi — orodha zote tangu mwezi wa tano, amezikunja nne nne. Akasema anaomba nibadilishe utepe wa wino kwenye printa, maana maandishi mengine hayatoki. Nikamwambia utepe ni mpya. Akafungua karatasi moja akaniwekea kidole.

Namba 217. Kijiji: hakuna kitu.

Mstari wa chini, namba na kijiji. Mwingine, namba na kijiji. Halafu namba 240 — na weupe.

Nikazifungua zote juu ya meza.

"Hizi zenye weupe ulifanya nini, Mzee?"

"Sasa ningefanya nini? Namba haina miguu. Mwanzo nilimuuliza Sister, akasema labda hao wamehama, kompyuta imewaondoa kijiji. Nikasema, kompyuta si inajua."

Jina liliondolewa kwa sababu ya siri. Kijiji kiliachwa tupu kwa sababu ya haraka. Kila moja peke yake haikuua kitu. Zote mbili pamoja — mtu anatoweka. Anabaki namba.

Nilikimbia kwa Sister. Nilimuuliza anajaza vijiji saa ngapi. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Mchana, nilisema. Lakini mchana hakuna stima, Madam. Nilidhani unajaza wewe, asubuhi, kabla hatujaanza."

Na mimi nilidhani ni yeye. Miezi mitatu!

Jenereta ilikuwa imezimwa. Nilimwomba mlinzi aiwashe, akakataa, nikamfuata Daktari, ikawashwa. Niliomba kompyuta inipe kila namba isiyo na kijiji ambayo imekosa dawa. Kumi na moja. Kumi na moja. Nikafungua majina moja moja.

Namba 217 ni Ndululu. Mara ya mwisho kuchukua dawa ni tarehe tisa Aprili.

Nilikwenda kwenye daftari la kazi. Namba 9 — onyo liko pale, kwa mkono wangu, wazi kabisa: atategemea jina peke yake. Nikafungua namba 14, siku tuliyoondoa jina. Mguso: hakuna.

Nakumbuka nilichokuwa nafikiria nilipoandika neno hilo. Nilikuwa nafikiria nywele.

Jumatano, 3 Julai 1996

Nilimpelekea Daktari daftari kabla hajanywa chai. Sikujua niseme nini, nikalifungua tu mbele yake kwenye kurasa mbili zile.

Alisoma. Kisha akarudi mwanzo akasoma lote, ukurasa kwa ukurasa, mabadiliko yote ishirini na mawili. Ilichukua muda mrefu. Nilisimama.

Akasema yeye ndiye alitaka haraka. Yeye ndiye alitaka siri. Na angetaka tena zote mbili. Sister, aliyekuwa mlangoni, akasema na yeye ndiye hakujaza. Nikaona wananigawia nafuu. Nikamwambia hapana, Daktari, tazama neno hili. Niliandika hakuna bila kuangalia. Nilikuwa na haraka zangu.

Halafu akauliza, "Daftari hili ulikuwa unamwandikia nani?"

"Ni la kazi."

"Najua ni la kazi. Nani alikuwa analisoma?"

Hakuna. Hata siku moja sikumwonyesha mtu. Nilidhani kuandika ndiyo kuona. Sister angelisoma dakika mbili tu angesema, we, mchana hakuna stima. Mzee Kisilu angesema namba haina miguu. Walikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na mlango nilikuwa naufunga kwa sababu ya vumbi.

Hakunifukuza. Amesema katoni za kadi zifunguliwe leo, tutafute vijiji vya hao kumi na moja kwa mikono, na mimi niende nao wanaotafuta. Si kama adhabu. "Uwajue," alisema.

Jumamosi, 6 Julai 1996

Siku tatu kwa miguu na kwa gari la hospitali. Mzee Kisilu mbele, mimi nyuma na dawa. Tumepata saba. Wanne hawakuwa na neno, wamefurahi kuonwa. Mmoja alikuwa ameenda kuchoma makaa, amerudi amekonda. Mmoja alitufungia mlango, akafungua Mzee alipomtaja nyanya yake kwa jina — kumbe ni kweli anawajua! Mmoja amebeba kadi yake kwenye Biblia na kutuuliza kwa nini tumechelewa.

Wanasema nami Kikamba. Nusu naelewa. Miguu imetoka malengelenge.

Jumanne, 9 Julai 1996

Wa nane na wa tisa, salama, wamekuja wenyewe kliniki.

Wa kumi ni mama wa miaka sitini, kadi yake inasema karibu na mto wa Tiva. Tulipofika kijana wa nyumba ile alitoka, akasalimiana na Mzee, wakasimama wakitazama chini. Nilijua kabla sijaambiwa. Wiki mbili tangu azikwe. Udongo bado haujashuka.

Wakatupa viti. Wakatupa chai! Tukanywa.

Jumatano, 10 Julai 1996

Nimefua nguo zote, hata zilizo safi.

Alhamisi, 11 Julai 1996

Nimerudi ofisini kwa sababu lazima. Nilitaka kuweka kizuizi: orodha isichapishwe kama kuna namba isiyo na kijiji. Kabla ya kukiweka niliwaita Sister na Mzee Kisilu wakae kwenye magodoro — ndiyo, bado yako mawili pale kona — nikawasomea kwa sauti. Nikawauliza kinagusa nini.

Sister akasema: siku ambayo hatujui kijiji, orodha nzima itakwama, na wengine wote hawatafuatwa. Sikuwa nimeliona hilo. Tumebishana mpaka saa saba. Tumeamua orodha itoke, na wasio na kijiji Sister ampe Mzee majina kwa mdomo, chumbani, mlango umefungwa. Mzee akasema kichwa chake kinabeba majina kumi, si zaidi. Nimeandika hilo pia.

Mchana tulikwenda Zombe, kwa Ndululu. Chumba chake cha kushonea kimefungwa kufuli. Jirani, muuza mafuta ya taa, akasema fundi alizidiwa mwezi jana, binti yake akaja kumchukua. Ameolewa Makueni, upande wa Matiliku. Kesho gari la hospitali linakwenda mjini Wote kuchukua dawa. Litatuacha njiani.

Ijumaa, 12 Julai 1996

Matiliku. Naandikia nje, nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nyuma ya ghala. Wengine wako ndani.

Tulifika saa tano. Matuta kila mahali, shamba limekatwa kama ngazi, hewa ni nzito kidogo kuliko kwetu. Nimeandika kwetu. Haya.

Binti yake alitupokea vizuri mpaka Mzee Kisilu alipotaja hospitali. Hapo akatazama njia, kuona nani ametuona. Akatuingiza haraka.

Ndululu amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha. Amebaki kofia na macho. Aliponiona akasema, "Wi mwega, mwari?" na kikohozi kikamkata katikati. Nikasema niko mzima. Sikuwa mzima.

Nilimwambia yote. Kwa Kiswahili, ili Mzee Kisilu asikie kwamba sijipunguzii. Nilisema, Baba, ulipoacha kuja, namba yako ilichapishwa kwenye orodha kila wiki mbili. Lakini jina nilikuwa nimeliondoa, na kijiji hakikuwepo, na mimi ndiye nilipaswa kuona. Sikuona.

Pumzi yake ina sauti, kama kitu kinachokwaruza bati.

Akasema aliacha kwa sababu alijisikia mzima. Ni kosa lake, alijua. Kikohozi kiliporudi akaona haya kuja mwenyewe. Akasema, "Lakini nilijua mtu hufuatwa. Nilikuwa nasikiliza baiskeli."

Mzee Kisilu akavua kofia.

"Ilipita mara mbili pale Zombe. Naijua, mnyororo wake unalia. Nikaweka cherehani chini. Ikapita. Nikasema basi, mimi wameniacha."

Mzee Kisilu akasema kwa Kikamba neno moja ambalo silijui. Ndululu akatikisa kichwa, akamgusa mkono. Wazee hawa wawili walikaa hivyo. Mimi nikatafuta dawa kwenye mfuko, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Makohozi tumechukua kwenye kichupa. Daktari alituonya asubuhi kwamba mtu akiacha katikati, wakati mwingine dawa zile zile hazifanyi kazi tena. Hatutajua leo. Nikamwambia na hilo. Akasema, sawa, sasa angalau nimehesabiwa.

Nilifikiri tumemaliza.

Halafu nyuma ya pazia mtoto akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu. Mzee Kisilu akainua kichwa. Akauliza ni nani. Binti akasema ni mtoto wake mdogo, ana miaka minne, ni vumbi la mbaazi tu. Tangu lini? Wiki tatu. Analala wapi? Analala na babu yake, anampenda sana babu yake.

Mzee Kisilu alimwomba amlete. Msichana mdogo, gauni kubwa kuliko yeye, shingo nyembamba. Akakohoa tena, akajificha kwenye sketi ya mama.

Mzee akatoa fomu mpya na kalamu. Akauliza kwa upole kabisa mtoto anaitwa nani.

Mama akarudi nyuma. Jina la nini? Liende wapi? Nani atasoma? Akasema hapa wana majirani, mume wake anafanya kazi ya watu, mtoto ataingia shule mwakani. Amesikia mambo ya yule mama wa kwaya kule Kitui — hata huku yamefika! Mpeni dawa, akasema, jina liacheni.

Mzee Kisilu akanitazama. Mimi ndiye nilitakiwa kusema. Ningeweza kumwambia halitatoka, siku hizi halichapishwi, nimeliondoa mwenyewe. Ni kweli. Ningeweza kumwambia tusipoliandika tunaweza kumpoteza, babu yake ni huyu hapa. Hilo pia ni kweli. Nikafungua mdomo, nikamwona anavyomshika mtoto kichwa, kwa mikono miwili. Nikamwambia aniulize chochote, nitamjibu ukweli wote, hata ule mbaya.

Akauliza kama nina mtoto. Nikasema hapana. Akaomba nitoke kidogo, azungumze na baba yake.

Nimetoka. Ni kama nusu saa sasa. Namsikia Ndululu akisema polepole, anapumzika, anasema tena. Mtoto amekuja mpaka kona ya ghala, ananitazama nikiandika. Sijamuuliza jina. Kupitia mlangoni naona mkono wa Mzee Kisilu, kalamu iko juu ya karatasi, haijashuka. Mama bado hajajibu.